Kamera ya mirolesi mjini Goma: kutoka mezani kwa muuzaji hadi kwenye mawe meusi

Picha ya kwanza niliyopiga kwa kamera yangu ya mirolesi ilikuwa ya mdogo wangu wa kike, kasimama juu ya mawe ya volkano nyuma ya nyumba. Nikamwonyesha mama. Akaitazama kitambo, akauliza: "Hapa ni wapi? Mawe yetu si meusi?" Kweli, yalikuwa yametoka kijivu kama majivu ya jiko la makala, na uso wa mtoto umepauka kama uliopakwa unga. Nilikuwa nimetoa dola 380 kwa kamera hiyo, na mama ndiye aliyeliona kosa kabla yangu.

Mengi niliyojifunza baada ya siku ile nimeyapata kwa wenzangu tunaokutana Jumapili asubuhi kupiga foto kando ya ziwa na kuazimana lenzi. Hakuna kati yetu anayekula kwa kamera: mmoja ni fundi cherehani, mwingine muuguzi, mimi nauza vipuri vya pikipiki. Haya ndiyo tunayomwambia kila anayekuja na swali lile lile: nina dola mia tatu, au nimejibana nikafika mia sita, nianzie wapi?

Ujue kwanza unanunua nini

Kamera za zamani zina kioo ndani. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda hadi jichoni, ukibonyeza, kioo kinaruka ("klak!") na mwanga unaifikia sensa, kile kibamba kinachonasa picha. Mirolesi haina kioo hicho. Mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye sensa, na wewe unatazama skrini ndogo, iwe ya nyuma au ile iliyo ndani ya kidirisha cha jicho. Ya kwanza ya aina hii yenye lenzi za kubadilisha ilikuwa Panasonic Lumix G1 ya mwaka 2008. Sony akafuata mwaka 2010. Canon na Nikon walichelewa kuhamia huko kwa moyo wote. Mfumo wa R wa Canon na ule wa Z wa Nikon yote imetoka mwaka 2018.

Watu wanasifu wepesi wake. Mimi wepesi haunisumbui, hapa kwetu mtu anabeba gunia la viazi kichwani. Faida yake ni kwamba unachokiona kidirishani ndicho kitakachotoka. Kama mawe yatakuwa kijivu, unayaona kijivu kabla hujabonyeza. Mimi nilikuwa nayaona, ila nilikuwa sijui kutazama.

Lenzi kabla ya bodi

Hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Mtu ana dola 500, ananunua bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya 450 na lenzi yoyote iliyopatikana. Fanya kinyume. Bodi itazeeka, utaiuza kwa hasara. Lenzi nzuri utakaa nayo miaka kumi. Kwa hiyo swali la kwanza ni mlango gani wa lenzi unaingia, yaani aina ya mdomo wa bodi unaofungiwa lenzi, maana ukishaingia kutoka ni gharama.

Sisi wengi tuko kwenye mlango wa E wa Sony kwa sababu moja tu: mitumba yake ni mingi na tunaweza kuazimana. Sony a6000, ya mwaka 2014, ina megapikseli 24 na bado inapiga picha ambayo ukiichapa ukubwa wa ukutani hakuna atakayeuliza umri wake. Fujifilm X-T20 au X-T30 zina rangi tamu na vitufe vya kuzungusha kwa mkono, lakini lenzi zake huwa juu kidogo. Olympus OM-D E-M10 ni ndogo, inaingia mfukoni mwa koti, na kidhibiti mtikisiko chake kinasaidia sana usiku. Sensa yake ni ndogo zaidi, basi gizani huchafuka mapema. Canon M50 ya 2018 utaipata kwa bei ya kuvutia. Inapiga vizuri, lakini mlango wake wa EF-M Canon ameshaufunga, lenzi mpya hazitoki tena. Kama unajua utabaki na lenzi mbili maisha yako yote, ichukue bila wasiwasi.

Usiogope namba za milimita. Sensa kubwa kamili ni ya 36 kwa 24. Kwenye Sony a6000 au Fujifilm, sensa ni ndogo, hivyo zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5, Canon M50 ni 1.6, Olympus ni 2. Lenzi ya 30 mm kwenye a6000 inaona kama 45 mm, karibu na vile wewe unavyoona ukimkazia mtu macho. Ushauri wangu ni lenzi moja tu ya 30 au 35 mm yenye tundu pana la kupitisha mwanga, f/1.8 au f/1.4 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), kwa miezi mitatu. Sigma 30 mm f/1.4 ndiyo iliyozunguka mikononi mwetu kuliko zote, mpaka raba yake imelainika. Ile ya 16-50 inayokuja na bodi usiitupe, utaihitaji kwenye vyumba vidogo na, kama nitakavyosimulia mwishoni, kwa magunia.

Na kama baba au mjomba alikuwa na studio zamani, kaulize masanduku yalipo. Kwenye mirolesi lenzi inakaa karibu sana na sensa: Sony ni milimita 18, wakati Canon ya zamani ya EF ilihitaji 44. Nafasi hiyo iliyobaki inajazwa na adapta, pete ya chuma isiyo na ajabu yoyote ndani, na lenzi ya miaka ya sabini inapiga tena. Mwenzetu fundi cherehani anatumia Helios 44-2, 58 mm f/2 ya Kirusi, anazungusha fokasi (ukali wa picha) kwa mkono huku kamera ikimwonyesha kwa rangi nyekundu sehemu iliyo kali. Picha zake za bibi harusi zinatushinda sote, nasi tumeshakubali.

Mezani kwa muuzaji: nusu saa isiyo na aibu

Kamera nyingi zinatufikia mkononi mwa ndugu aliyesafiri Kampala, Nairobi au Dubai, au zimeshatumika Ulaya. Ya kwangu niliinunua kwa kijana aliyekuwa na haraka, na haraka yake ikaniambukiza. Nikapiga nayo picha mbili za ukuta, nikalipa. Jioni nikagundua lenzi ina ukungu ndani, nyuzi nyembamba kama za buibui. Simu yake haikupokelewa tena. Wewe usione haya kukaa nusu saa. Muuzaji mkweli atakuletea kiti.

Nenda na kadi yako mwenyewe, betri ikiwezekana, na tochi ya simu. Toa lenzi, angalia mlango: skrubu zisiwe zimekwaruzwa, maana skrubu iliyokwaruzwa ina maana fundi ameingia ndani. Washa tochi upande mmoja wa lenzi, wewe tazama upande wa pili ukiinamisha kidogo kidogo. Vumbi chembe mbili tatu si neno, kila lenzi inalo. Nyuzi, wingu au madoa ya mafuta, achana nayo, hata kwa nusu bei. Ukungu hauponi wenyewe, na mabegi yetu yanayolala karibu na ziwa ndiyo unayoyapenda.

Kisha toka nje, rudisha lenzi, weka f/16, ondoa fokasi ya kujiendesha, elekeza kwenye mbingu tupu au ukuta mweupe, piga. Kuza picha kwenye skrini na uitembelee kona hadi kona. Madoa laini ya kijivu ni vumbi juu ya sensa, linasafishika. Mstari mkali au doa lenye rangi lisilohama ni jeraha la sensa. Piga nyingine ukiwa umefunika lenzi kabisa, sekunde nne, ISO (kiasi kamera inavyohisi mwanga) 1600: vinukta vichache vya rangi ni kawaida, msitu wa nyota si kawaida.

Baada ya hapo, sikiliza. Piga picha ishirini mfululizo. Shata, lile pazia linalofunguka mwanga uifikie sensa, ikiwa nzima ina mlio mmoja, ule ule kila mara, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Ikikohoa, irudishe. Bonyeza kila kitufe, zungusha kila gurudumu, funua mlango wa betri uone kama kuna kutu ya kijani. Chomeka kebo ya kuchaji. Sogeza jicho kwenye kidirisha na uliondoe, uone kama skrini zinabadilishana. Mwombe muuzaji atembee kuja kwako ukimpiga mfululizo, uone kama fokasi inamfuata usoni. Watakucheka kidogo pale dukani. Wacha wacheke.

Kadi nayo ina hila zake. Zipo zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani hazifiki hata 16. Zinakubali picha zote, halafu picha za mwisho hazifunguki. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ndogo ya bure, H2testw, inayoijaza kadi na kuisoma tena. Inachukua muda mrefu, basi ifanye usiku kabla ya kazi, si baada.

Jioni ya kwanza: panga mara moja, usihangaike tena

Ingia kwenye menyu. Chagua kuhifadhi RAW pamoja na JPEG. RAW ni ile picha mbichi unayoweza kuirekebisha baadaye, JPEG ni ya kumtumia shangazi kwa WhatsApp. Washa fokasi ya macho ya mtu kama ipo. Tafuta chaguo linalofanya skrini ionyeshe athari za mipangilio yako, hakikisha limewashwa, la sivyo umelipia mirolesi na unatumia kamera ya zamani. Washa histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Washa milia ya pundamilia, iweke asilimia 100: popote itakapocheza, hapo mwanga umezidi na hakutabaki chochote cha kuokoa. Mwanga wa kidirisha usiuache ujibadilishe wenyewe. Uweke katikati, uuache hapo.

Zungusha gurudumu la juu hadi A, yaani wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi ya shata. Anza na f/4. ISO iachie yenyewe, kikomo 3200. Kasi ya chini kabisa iwe 1/125 kama kamera inakubali kuipanga.

Mawe meusi

Sasa tunarudi kwa mama. Kamera haijui iko Goma. Imefundishwa kwamba ukichanganya weusi na weupe wote wa mbele yake, utapata kijivu cha katikati. Kwingi hilo ni kweli. Hapa si kweli. Tunaishi juu ya lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na kabla yake zilipita nyingine ambazo babu zetu walizijengea nyumba juu. Barabara nyeusi, ua mweusi, ukuta wa mawe meusi. Kamera ikiona weusi umejaza picha inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na jiwe linakuwa jivu. Siku ya komunyo ya kwanza inakosea upande wa pili: watoto arobaini wamevaa meupe, kamera inaogopa, inapunguza mwanga, na magauni yanaonekana kama hayajafuliwa.

Dawa ni lile gurudumu lenye alama ya + na −. Sisi tunakumbushana hivi: nyeusi toa, nyeupe ongeza. Watu wengine hukariri kinyume kwa sababu akili inataka kuangaza kilicho cheusi. Usiangaze. Kwenye mawe yaliyojaza theluthi mbili za picha mimi huanza na −0.7, na mara nyingi naishia −1. Kwenye meupe ya komunyo, +0.7.

Fanya zoezi hili nyuma ya nyumba. Simamisha mtu juu ya mawe, weka jicho kwenye kidirisha, si skrini ya nyuma, maana jua la hapa linaifanya skrini ionekane giza, nawe utaongeza mwanga usiohitajika. Zungusha gurudumu taratibu kuelekea − huku ukitazama jiwe moja tu, hadi liwe jiwe, na vitobo vyake vionekane. Sasa tazama paji la uso. Ngozi yetu nyeusi ina mng'ao wake pale mwanga unapoanguka, kwenye paji, pua na mashavu. Mng'ao huo ndio unaochora uso. Ukiona umekuwa bapa, umeangaza mno. Ukiona pundamilia anacheza hapo, umeshapoteza. Bonyeza ukiridhika na uso, hata kama jiwe limebaki jeusi kidogo kuliko ulivyotaka. Jiwe halitakulaumu.

Na histogramu? Utaona mlima wake umekaa kushoto. Kuna video nyingi zinazofundisha kwamba mlima lazima uwe katikati, na mimi niliziamini, ndio maana mama aliuliza pale ni wapi. Picha ya mawe meusi iliyopigwa sawasawa ina mlima kushoto. Uache huko.

Ukigeuka kulitazama ziwa, mambo yanapinduka. Ziwa na mbingu ni vyeupe mchana, mtu aliyesimama mbele yake anakuwa kivuli. Hapo ongeza, +0.7 hadi +1.3, ukubali maji yapauke. Au msogeze chini ya mti, au mgeuze. Kugeuza mtu ni bure, na kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitakwambia: Goma iko karibu nyuzi 1.7 kusini mwa ikweta, na ziwa liko kusini yetu. Mwezi wa sita jua la mchana limeegemea kaskazini, hivyo mtu aliyelipa ziwa mgongo anaangaziwa uso. Mwezi wa kumi na mbili jua limehamia upande wa ziwa, na mtu yule yule, mahali pale pale, anaangaziwa kisogo. Picha za harusi za Desemba zina nyuso nyeusi, na mpiga foto analaumu lenzi.

Mchana wenyewe, saa tano hadi saa tisa, jua liko utosini na macho ya watu yanakuwa mashimo. Pumzika, kula sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Jua letu linachomoza karibu na saa kumi na mbili, na kwa kuwa linapanda wima, mwanga wake laini haudumu. Saa mbili asubuhi sherehe imekwisha. Asubuhi baada ya mvua ya usiku ndiyo ya dhahabu: Nyiragongo, volkano yetu, inaonekana mzima, mpaka mdomoni, kabla mawingu hayajaufunika. Julai na Agosti usiuwekee matumaini, vumbi na utusitusi huuficha siku baada ya siku.

Vumbi

Vumbi la Goma si kama la kwingine. Ni jiwe lililosagwa. Ukilifuta kwenye lenzi na pindo la shati umeshika msasa. Kwanza puliza kwa pampu ya mpira, kisha brashi laini, ndipo kitambaa kiguse kioo. Usipulize kwa mdomo, mate yana chumvi na yataacha vidoa.

Kwenye mirolesi sensa iko wazi mara tu lenzi ikitoka. Kamera chache, kama Canon EOS R, hushusha shata kuifunika ukizima. Nyingi za bei yetu hazifanyi hivyo. Nilibadilisha lenzi kando ya barabara ya Kibumba, nikisubiri machukudu, baiskeli zetu za mbao zisizo na pedali, yateremke na viazi. Lori likapita. Sikuona chochote, nikaendelea na siku yangu, na Jumamosi nikampigia rafiki harusi yake kama zawadi. Doa moja, kubwa kama tembe ya klorokwini, kwenye mbingu ya picha 312. Nililifuta moja moja, usiku nne.

Tangu hapo: zima kamera, kaa ndani ya gari au nyumba, au geuza mgongo kwa upepo. Lenzi mpya iwe imeshafunguliwa kifuniko cha nyuma na iko tayari mkono wa kushoto. Mdomo wa kamera utazame chini. Sekunde tano. Kama huwezi kupata mahali pa hivyo, usibadilishe; tembea, sogea, lenzi moja inatosha. Kuosha sensa kwa kijiti chenye dawa kunawezekana nyumbani, ila nunua kijiti chenye upana wa sensa yako, kitumie mara moja tu, na umwache mwenye uzoefu akuonyeshe mara ya kwanza. Ndani ya begi tia vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya, vinanyonya unyevu. Mchele hapana, una unga.

Betri na umeme

Hili ni fupi. Mirolesi inakula betri kwa sababu skrini yake haizimi. A6000 inakupa picha mia tatu na kidogo, si zaidi sana. Kuwa na betri tatu. Za kuiga zinafaa, lakini ikianza kuvimba itoe mapema, nimeona moja iliyong'ang'ania ndani hadi bodi ikafunguliwa. Zima Wi-Fi. Umeme ukirudi usiku wa manane, amka uchaji. Kamera nyingi huchaji kwa kebo kutoka kwenye betri ya kubeba ya simu, mradi umeizima.

Ukumbini, kanisani, na usiku

Mirolesi nyingi, ingawa si a6000, zina shata ya kielektroniki, isiyo na sauti hata kidogo, na wakati wa sala inavutia kuitumia. Jaribu kwanza. Taa za LED huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, na shata hiyo inaisoma sensa mstari kwa mstari, basi picha inatoka na mikanda ya giza na mwanga kama kitenge. Rudi kwenye shata ya kawaida, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, weka kasi ya 1/50 au 1/100. Kama ukumbi uko kwenye jenereta, hata hiyo inaweza isitoshe, kwa sababu jenereta ndogo hupanda na kushuka kila friji inapoingia. Piga moja, kuza, tazama ukuta. Sogeza kasi kidogo, piga tena. Tundu lifungue hadi f/1.8, ISO ipande hadi 3200 bila woga. Chembechembe kwenye picha hakuna aliyewahi kuzilalamikia kwenye dote, sherehe ya mahari. Uso uliotikisika wanaulalamikia.

Mitumbwi ya sambaza inapotoka jua likizama, mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu na taa zimening'inia, usiipige kwa sekunde nyingi: inatembea, itatoka uji. Ipige saa kumi na mbili na dakika ishirini, bluu ingali mbinguni, kasi 1/60, tundu wazi. Mlima ukiwaka usiku ni kinyume, hapo kamera iwe juu ya stendi au hata kopo la mchanga: zima kidhibiti mtikisiko, fokasi ya mkono kwenye taa ya mbali huku ukiikuza kwenye skrini, f/2.8, ISO 800, sekunde kumi, na utumie saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Fanya hayo ukiwa uani kwako au juu ya paa la jirani unayemjua. Picha haina thamani ya kutembea nayo gizani.

Watu, na vitu visivyopigwa

Askari, mtu yeyote mwenye silaha, vizuizi vya barabarani, mpaka na uwanja wa ndege: kamera ibaki begini, na begi liwe la kawaida, lisiwe na jina la kampuni. Jina lililo kwenye mkanda nimelifunika kwa selotepu nyeusi. Ukitaka kufanya kazi mtaani kwa siku nzima, mwone kwanza chefu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, umsalimu, umwonyeshe picha zako kwenye simu.

Kwa wengine wote, omba. Salamu kwanza, kamera ikiwa imeshuka. Pale soko la Kituku mama wa samaki atakwambia "hapana" mara mbili, na ya tatu atakwambia usubiri avae kitambaa vizuri. Mirolesi ina skrini inayoinuka, unaweza kuishika kifuani na kuendelea kuzungumza ukimtazama usoni. Usiitumie kuiba picha, itumie ili mtu asiongee na bomba la kioo.

Jamaa mmoja wa chukudu alinijibu: "Piga tu, kaka, ila yangu uniletee." Nikapiga. Nikaichapa sentimita 10 kwa 15, nikiwa nimeiongezea mwanga kidogo kabla ya kuipeleka, maana karatasi hutoka na giza kuliko skrini. Nilimtafuta wiki mbili, nikampata karibu na sanamu ya chukudu, anafunga kamba. Akaishika kwa ncha za vidole, asiichafue na makala. Akaitazama muda mrefu.

"Mbona mzigo unaonekana mdogo? Siku ile nilikuwa na magunia matano."

Nilikuwa nimempiga nikiwa mbali, nimesimama wima, kwa 30 mm. Siku ya pili nilirudi na ile lenzi ya 16-50 niliyokuwa naidharau, nikaiweka 16, nikachuchumaa karibu na gunia la chini hadi nikasikia harufu ya udongo wa Kibumba, lile gurudumu la + na − kwenye −0.7 kwa ajili ya barabara. Magunia yalijaa picha nzima, na yeye juu yake, kichwa mawinguni. Ile ndiyo aliyoitundika nyumbani.